Mama Anafunga Mizigo

Fundi alipolinyanyua begi ili alisogeze karibu na mlango, ndani yake kuligonga kitu cha bati. Akalilaza kitandani, akavuta zipu. Juu ya nguo alizokuwa amezikunja vizuri jana yake kulikuwa na kifuniko cha sufuria, kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, taulo bichi, na kipande cha sabuni kilichokuwa bado na povu. Gauni lake jeupe, alilolishona mwenyewe kwa ajili ya siku ya kufika, halikuwemo. Alilikuta limesokotwa na kulazwa chini ya mlango kuzuia upepo.

"Mama!" aliita.

"Nakuja, nakuja. Gari limefika?" Mama alijibu kutoka sebuleni, na nyayo zake zikasikika zikija kwa haraka na kuburuza.

"Hakuna gari, Mama."

"Basi limechelewa. Wenye magari ndivyo walivyo."

Alisimama mlangoni, mdogo, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, akamwangalia binti yake kama mtu anayemwangalia karani aliyemchelewesha. Kisha akageuka akaenda dirishani, akatazama nje, akarudi mlangoni, akaenda tena dirishani.

Fundi alikuwa akitengeneza cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilitazama barabara, na humo ndimo alimokuwa akifungua mashine za watu, kuzisafisha, kuzitia mafuta na kuzirudishia sauti zake. Mtaani walimwita Fundi tu, na wengi hawakujua kama ana jina lingine. Mume wake alifariki miaka mingi nyuma, binti yake wa pekee aliolewa mbali, na tangu hapo walibaki wawili, yeye na mama yake.

Mama alikuwa mkunga. Nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake ikilia. Katika maisha yake yote alikuwa na haja moja aliyoisema bila kuchoka: kwenda kuhiji kwenye chemchemi takatifu na kilima kilicho juu yake, mahali ambapo waumini wa vizazi na vizazi walikwenda kuomba. Kila mwaka msafara ulipokuwa ukijiandaa alijiandaa nao, na kila mwaka alibaki. Mara huyu mimba imemkalia vibaya, mara yule ana mapacha. "Nitakwenda," alikuwa akisema, "watoto wakipumzika kuzaliwa." Watoto hawakupumzika. Alipokuja kupumzika yeye, ugonjwa wa kusahau ukawa umeshapiga hodi. Ulianza na majina, ukaja kwenye siku, mwisho ukagusa nyumba yenyewe, hata akawa anaomba aonyeshwe choo kilipo. Akili ilipoanza kuondoka, miguu ilikataa kubaki nyuma. Alitembea kutwa. Wifi yake Fundi, mke wa kaka yake, alimpa jina la Kiguu-na-njia, na Mama alicheka kila alipolisikia, akidhani linamhusu mtu mwingine.

Ndipo Fundi na Kaka walipokaa wakakubaliana: kwa kuwa Mama hawezi tena, Fundi aende kwa niaba yake. Afike pale, amwombee. Mama hakuambiwa. Lakini begi liliposhushwa kutoka juu ya kabati, yeye aliliona, na tangu saa hiyo nyumba haikutulia.

Jumapili msafara ulikutana kwenye ukumbi wa nyumba ya ibada. Kiongozi alikuwa mzee mrefu, aliyewahi kuwa mkuu wa shule, na bado alizungumza kana kwamba kuna mtu anapiga kelele nyuma ya darasa.

"Mnachobeba mtakibeba wenyewe mpaka juu ya kilima," alisema. "Kwa hiyo bebeni kidogo. Viatu vilivyozoea mguu, msije na vipya mkaniletea malengelenge. Nguo ya kujistiri, ya kubadili, na ya baridi. Dawa, kwa mwenye dawa. Chupa ya maji. Basi."

"Na mto je?" aliuliza mama mmoja mnene aliyekaa mbele.

"Mto wa nini?"

"Shingo yangu haijui kulala bila mto."

"Ifundishe," alisema Kiongozi, na watu wakacheka. Kisha akashusha sauti. "Mimi nimekwenda mara nyingi. Watu hukosea si kwa kusahau kitu. Hukosea kwa kubeba nyumba nzima. Utamkuta mtu amefika pale patakatifu, na mawazo yote yako kwenye mzigo, nani ataulinda. Acheni nafasi."

Fundi alirudi nyumbani akiwa na neno hilo, acheni nafasi, na kumkuta Mama ameketi sakafuni amezungukwa na vitu vyote vilivyokuwa begini.

"Hiki hakifai," Mama alisema akiweka pembeni kioo kidogo. "Unakwenda kujitazama, au unakwenda kutazamwa na Mungu?"

Fundi akachungulia begini. Mama alikuwa ametia begini vitambaa safi vilivyokunjwa, uzi, na wembe mpya kwenye karatasi yake. Vilikuwa vitu vya kazi yake ya zamani. Vingine vyote vilikuwa ovyo, lakini hivi alivipanga kwa mkono usiotetemeka.

"Mama, wembe utakukata."

"Wembe hunikata mimi? Mimi?" Mama akaunyakua wembe, akalikumbatia begi. "Nani anayetoa vitu vyangu? Kila nikiweka, mtu anatoa. Humu ndani kuna mwizi."

"Ni mimi, Mama."

"Wewe ni nani?"

Aliuliza bila hasira, kama anavyoulizwa mgeni. Fundi akauchukua wembe polepole kutoka mkononi mwake, akauweka juu ya kabati, akaenda kwenye mashine zake.

Kazi nayo ilimkataa. Alikuwa na cherehani ya mshonaji wa nguo za shule, ambayo uzi wake ulikuwa ukikatika. Kwa kawaida angemaliza kabla chai haijapoa. Safari hii aliifungua, akaifunga, akagundua amebakiza skrubu moja mezani, akaifungua tena. Alipoijaribu, ilishona mishono mirefu yenye mikunjo kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Alijua tatizo halikuwa mashine. Kila akisikia nyayo zile zikienda dirishani na kurudi, moyo ulimwambia: unamwibia. Alikuwa ameingoja safari ile maisha yake yote, na sasa wewe ndiye unayefunga begi, na kumwambia hakuna gari.

Siku moja kabla ya kuondoka Wifi alikuja kumchukua Mama, akakae kwake mpaka Fundi atakaporudi. Wifi alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na mikono myepesi, muuza maua ya bandia sokoni, na nguo zake zilikuwa na vijani vya plastiki vilivyonasa kila mahali.

"Kiguu-na-njia, twende kwangu," alisema akimshika Mama mkono.

"Ndiko njia ya safari inakopita?"

"Huko huko."

Mama akakubali mara moja, akachukua mkoba wake mtupu. Mlangoni Wifi akamgeukia Fundi. "Usinitazame hivyo, wifi yangu. Sikumdanganya. Nyumba ya ibada si iko mwisho wa mtaa wetu? Mabasi yatasimama pale pale."

"Ndiyo maana naogopa."

"Ogopa ukifika huko. Huku niachie mimi."

Jioni Kaka alipiga simu. Alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha rangi, mtu aliyezoea kupima kitu na kukipigia muhuri.

"Umeshafunga?"

"Kaka, nimekuwa nikifikiri. Kwani haiwezekani kabisa—"

"Usianze. Daktari alisema nini?"

"Alisema asichoke."

"Basi. Kupanda basi kutwa nzima ndiko kutochoka? Akipotea kule katikati ya maelfu ya watu, utamwita kwa jina gani, naye mwenyewe halikumbuki? Tumeshakubaliana. Nenda ukamwombee, urudi."

"Haya," Fundi alisema, kwa sababu aliyoyasema Kaka yote yalikuwa kweli.

Asubuhi uwanja wa nyumba ya ibada ulikuwa umejaa. Mabasi mawili yalinguruma, mizigo ikipandishwa, watu wakiagana kama wasioonana tena. Yule mama mnene alikuwa na mto kwapani, ameufunika kwa shali. Fundi alikuwa ndiyo kwanza ameweka begi lake miguuni pa Kiongozi simu ilipolia.

"Wifi," sauti ile kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Mama hayupo. Niliingia kuchemsha maji tu. Mlango uko wazi."

Fundi hakukumbuka baadaye alisema nini. Alimwachia Kiongozi begi akakimbia. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwao, akaukuta mlango umefungwa kama alivyouacha, na jirani anayefagia akamwambia hajaona mtu. Akakimbilia zahanati ya zamani, Mama alikofanya kazi. Mlinzi akatikisa kichwa. Akakata vichochoro vya sokoni, akiuliza kila mwenye meza, "Mmemwona mama mzee, mfupi, anatembea haraka?" Wengine walionyesha huku, wengine kule. Jasho lilimwingia machoni. Kila mzee aliyempa mgongo alikuwa Mama, na kila aliyegeuka hakuwa yeye.

Simu ikalia tena. Alikuwa Kiongozi.

"Bibi, hebu njoo. Kwenye kiti chako kuna abiria, na anasema hashuki."

Mama alikuwa amekaa dirishani katika basi la kwanza, mkoba wake mtupu mapajani, kandambili za ndani miguuni. Alikuwa ametoka kwa Wifi, akaona watu wenye mabegi, akawafuata. Hakuna aliyemwuliza; mzee kama yule kwenye msafara kama ule, nani angemwuliza? Mikono yake ilikuwa imetulia. Macho yake hayakurukaruka. Fundi alisimama kwenye ngazi ya basi akihema, na kilichomzuia asiseme kitu ni ule utulivu. Hakuwa ameuona kwa muda mrefu sana.

Kaka alikuwa ameshafika, na shati lake la kazini. Akampita Fundi, akamwinamia Mama.

"Mama, shuka twende nyumbani."

Mama akamtazama kwa upole. "Mwanangu, kama unauza kitu, mimi sihitaji. Shuka wewe, gari linaondoka."

Watu wa viti vya nyuma wakacheka, kisha wakanyamaza walipoona uso wa Kaka. Alinyooka, akasimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Alimgeukia dada yake.

"Mshushe wewe. Wewe anakusikia."

"Hanisikii," Fundi alisema. "Hata mimi juzi ameniuliza ni nani." Akapanda ngazi ya mwisho. "Kaka, ninakwenda naye."

"Umepatwa na nini? Hana nguo, hana dawa, hana hata viatu!"

"Tutapata."

"Na akipotea?"

"Leo amepotea akiwa kwetu."

Neno hilo lilimfika. Kiongozi, aliyekuwa akisikiliza bila kujifanya hasikilizi, alikohoa. "Mtu mmoja wa basi hili ameamka na homa, hatasafiri. Kiti kipo. Lakini mimi nilisema kila mtu atabeba mzigo wake. Huyu ni wa kwako, Bibi. Hakuna mwingine atakayekubebea."

"Nimekubali."

Wifi, aliyekuja nyuma ya Kaka, hakusubiri kutumwa. Alikuwa ameshageuka, ameshika nguo yake mkononi, anakimbia kama msichana. Aliporudi alikuwa na mfuko wa plastiki uliovimba. Ndani mlikuwa na dawa za Mama, sweta, nguo za ndani, shuka, nepi za watu wazima na mkate. Alikuwa amezitupia humo kwa muda wa kupepesa jicho, na hakukosea hata kimoja. Fundi akafungua begi lake mwenyewe, akatoa gauni jeupe, vitabu vyake vya sala, na viatu vya kubadili, akamrundikia Wifi mikononi ili vya Mama vipate pa kukaa.

"Na miguuni?" Wifi aliuliza akitazama kandambili zile.

Bila kungoja jibu akavua viatu vyake vya kamba, vilivyokwisha kulainika kwa miguu yake, akachuchumaa kwenye njia ya basi akamvisha Mama. Vilikuwa vikubwa kidogo. Akavuta kamba mpaka vikabana.

"Asante, mama," Mama alimwambia. "Mungu akupe watoto."

"Ameshanipa wanne, Kiguu-na-njia. Mwambie apumzike." Akashuka amevaa kandambili, akifuta macho kwa nyuma ya kiganja, vijani vya plastiki vikimdondoka begani.

Basi lilipokuwa likienda, Mama alitulia. Aliitazama njia, akasoma mabango kwa sauti, akalala, akaamka, akatazama tena. Liliposimama ndipo taabu ilipoanza. Kwenye kila kituo alitaka kushuka, akishashuka alitaka kupanda. Fundi alimfuata chooni, akamfuata dukani, akamtoa kwenye basi la watu wengine wanaokwenda kwingine. Walipofika machweo, Fundi alikuwa hoi. Mama alikuwa kama aliyeamka sasa hivi.

Kesho yake msafara ulipanda kilima. Fundi alitazama nguo zao nyeupe zikipungua kwenye mawe, zikiimba, na mama mnene akiwa wa mwisho, mto kichwani. Kiongozi alikuwa amemwambia kwamba juu kule ndiko mtu anakoomba lile lililomleta. Fundi alikuwa na ombi lake, alilolibeba tangu nyumbani bila kulipunguza neno: kwamba akili ya Mama irudi. Sasa hakuweza kupanda. Miguu ya Mama ingetembea uwanja ule mchana kutwa, lakini mawe yale yangemwangusha.

Basi wakabaki chini, penye chemchemi, wakaizunguka. Maji yalitoka chini ya jiwe, membamba, yasiyo na kelele. Watu walipiga magoti kando yake. Fundi naye akapiga magoti, akafumba macho, akaanza, "Ee Mungu, mama yangu..."

Mkono ukamvuta bega.

"Tunaondoka lini?"

"Tumefika, Mama. Hapa ndipo."

"Hapa?" Mama aliangaza huku na huku. "Hapana, mama. Tulikuwa tunakwenda kule."

"Kule wapi?"

"Kule tulikokuwa tunakwenda."

Kitu kikakatika ndani ya Fundi. "Hapa ndipo!" alisema kwa sauti iliyowafanya watu wafumbue macho. "Hapa! Ulipatamani maisha yako yote, na umefika, na hujui! Nimekuacha upindue nyumba, nimekosana na Kaka, nimekuleta mpaka hapa! Kaa chini basi, Mama. Kaa, hata kidogo tu!"

Mama alimtazama akilia. Uso wake ulibadilika, ukawa ule wa zamani, wa mtu aliyeingia vyumba vingi vya wanawake wanaopiga kelele kwa uchungu. Hakuonyesha kushtuka. Alipiga magoti kando yake, kwa shida, goti moja kisha jingine, akachota maji kwa kiganja, akampangusa uso kutoka paji mpaka kidevu, akarudia.

"Pole," alisema. "Pumua. Pumua taratibu. Yatakwisha."

Kisha akainua mikono yake yenye maji, akaomba kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na jirani juu ya ukuta.

"Mungu wangu, huyu mama hapa. Simjui ni mtoto wa nani. Lakini ananitembeza, hachoki, na nikiamka yupo. Mama yake popote alipo, mwambie amezaa. Mpe usingizi. Mpe mtu wa kumshika na yeye."

Akakumbuka jambo. "Na gari lisichelewe."

Fundi hakuomba tena lile ombi lake. Baadaye hakujua kama alilisahau au alilikataa. Alikaa pale, uso umelowa, ameushika mkono wa Mama, mpaka Mama akausimamisha mwili na kuanza tena kutembea, naye akasimama akamfuata.

Walirudi salama. Jumamosi iliyofuata Kaka alikuja nyumbani, akaketi kwenye stuli ya wateja katikati ya mashine, na kwa muda akawa anachezea gurudumu la cherehani. Mama alikuwa akienda dirishani na kurudi, kama kawaida yake. Begi lilikuwa mezani, na tangu asubuhi alikuwa ameshatia humo vijiko vyote vya nyumba.

"Kwa hiyo hakuna kilichobadilika," Kaka alisema.

"Hapana."

"Na wewe? Uliomba?"

Fundi akamwambia yote, na jinsi alivyopiga kelele mahali pale patakatifu mbele za watu. Alipofika kwenye maombi ya Mama, aliyarudia neno kwa neno. Kaka aliacha kuzungusha gurudumu.

"Mimi alinitaja?"

Fundi alifikiri kumpa neno la kumtuliza. Akaona hapana. "Hakumtaja mtu kwa jina, Kaka. Hata mimi. Aliomba nipate mtu wa kunishika."

Kaka aliinamisha kichwa. Mama akapita tena kutoka dirishani, akasimama mbele yake, akamkagua kuanzia viatu.

"Wewe ndiye dereva?"

Kaka akamtazama dada yake, kisha mama yake. Akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Ndiye mimi, Mama."

"Umechelewa."

"Nimechelewa. Nisamehe. Twende."

Akampa mkono, wakatoka, wakashika barabara upande wa kivuli. Fundi alisikia sauti zao zikienda mbali: Mama akimwuliza dereva kwao ni wapi, ana ndugu wangapi, mama yake angali hai, na Kaka akimjibu swali moja moja, bila haraka. Akaivuta stuli, akaketi, akaanza kuitia uzi cherehani ya mshonaji wa nguo za shule.